Vidumu Vilivyolala na Maiti

“Harufu hii ni ya nini?” Nahodha Masoud alinisogezea kidumu puani. “Wewe ndiye msomi hapa. Tuambie.”

Nikamwambia ni sabuni.

“Sabuni gani?”

“Ya kuoshea vyombo. Vidumu vikirudi kutoka baharini naviosha. Ulitaka niviache na magamba?”

Akawageukia mabaharia wake wanne, waliokuwa wamesimama uani karibu na friza langu.

“Anasema sabuni. Mimi nimezika baba, nimezika mama, nimezika wanangu wawili. Karafuu maiti naijua kuliko ninavyoijua harufu ya mke wangu.”

Mmoja akacheka. Masoud alipomtazama, akaacha.

Mume wangu, Mudathir, alikuwa mmoja wa wale wanne. Alisimama nyuma ya wenzake, mikono mgongoni, anatazama kuku wakichakura. Hakunitetea. Hakunishutumu pia. Nilidhani ameduwaa.

Wewe unayekutana nami leo kwa mara ya kwanza, nakupitisha haraka, maana mambo yenyewe hayakunisubiri.

Naitwa Zuwena. Tunaishi Moa, karibu na mpaka wa Kenya. Nina stashahada ya usindikaji wa samaki, iliyonipa kazi miaka mitatu, kisha ikanipa mume mvuvi. Nimebeba mimba mbili. Ya pili ilifia tumboni na madaktari wakakikata kizazi, wakabakiza shingo yake tu, ambayo mpaka leo hunitoa damu kidogo kila mwezi. Nimebaki na Samiha, ana miaka tisa.

Wifi yangu Semeni, dada wa Mudathir, anakaa Raskazone, mjini Tanga. Ana nyumba ya vyumba vinne na hana mtoto. Mara tatu amemwomba Samiha akamlee. Kwetu si ajabu shangazi kupewa mtoto. Wa ajabu ni mama anayekataa. Nimekataa mara tatu. Mara ya mwisho Mudathir alitamka mbele ya dada yake kwamba siku tukishindwa kumsomesha, mtoto ataondoka.

Ndiyo siku nilipoanza kutengeneza barafu.

Wavuvi wetu walikuwa wakiagiza barafu ya kusagwa kutoka mjini. Inafungwa kwenye viroba, inapandishwa bodaboda, inafika nusu maji. Mimi nikanunua friza la mtumba na kukusanya vidumu arobaini vya mafuta ya kula, vya lita tano. Nachemsha maji, nayapoza, najaza na kubakiza nafasi ya vidole vinne, kwa sababu barafu hutanuka na kidumu kikijaa sana hupasuka. Siku tatu friza halifunguliwi hata kwa kuchungulia. Barafu inabaki ndani ya kidumu chake, haichanganyiki na damu ya samaki, na boti ikirudi naviosha vidumu na kuvigandisha upya.

Masoud alikaa baharini siku nne na samaki wakarudi macho yanang'aa. Barafu ya mjini hakuiagiza tena. Boti nyingine zikamfuata. Samiha akasoma.

Wiki iliyopita, katika safu hii, niliwaeleza jinsi mama mkwe wangu alivyofariki Ijumaa moja asubuhi, na jinsi mwanawe mkubwa, Hatibu, alivyopiga simu kutoka Maskati akakataza asizikwe mpaka afike amwone uso. Maiti huharakishwa, kila mtu anajua. Lakini Hatibu ndiye aliyejenga nyumba tunayolala, na neno lake likapita.

Tukamlaza mama kwenye vidumu vyangu. Ishirini na vinne: chini ya mgongo, makwapani, ubavuni. Waosha wakaja, wakamwosha, wakampaka karafuu maiti, wakamvika sanda. Hatibu hajaonekana. Tukamrudishia vidumu. Jumamosi alasiri Hatibu akapiga simu kusema hakupewa ruhusa kazini, tumzike tu.

Niliishia hapo. Sasa nasema lile nililoliruka.

Baada ya mazishi waosha walisema vidumu vile vitupwe. Kilichomhudumia maiti hakirudi kwenye kazi za walio hai. Ndoo ilipewa mtu, kanga zikatolewa sadaka, na vidumu Semeni akavibeba mwenyewe akavitupa kwenye shimo la taka nyuma ya minazi. Mimi niliitika kama wenzangu.

Alfajiri ya Jumapili nikaenda nikavitoa.

Boti ilikuwa inatoka Alhamisi. Masoud hutumia mwili wa friji bovu kama kasha la samaki, na vidumu kumi na sita havilitoshi kasha lile. Nikavisugua kwa mchanga, nikavisugua kwa sabuni, nikavilaza kwenye maji ya klorini usiku kucha. Nilijiambia maji ya ndani hayakumgusa mtu. Nilijiambia plastiki ni plastiki. Harufu ilipotea. Sikujua kwamba imeingia ndani ya plastiki yenyewe, na kwamba itanyamaza kwenye baridi na kurudi siku kidumu kitakapopigwa na jua.

Sikuwaambia wavuvi. Hilo mlisome vizuri, msije mkanihurumia bure. Nilijua, na nikawapakilia.

Haya, turudi uani.

“Safari tatu,” Masoud alisema. “Ya kwanza injini ikazimika. Ya pili wavu ukachanwa na mwamba. Ya tatu Tahiri akachomwa na mwiba wa samaki taa, tukamwekea barafu yako mguuni siku mbili. Jumanne wamemkata chini ya goti. Leo naanika kasha, jua linapiga, kidumu kilichosahauliwa humo kinanukia kaburi.”

“Mwiba wa taa unataka maji ya moto,” nikasema. “Ya moto kiasi mtu anachovumilia. Hautaki barafu. Mngeniuliza ningewaambia.”

Ilikuwa kweli, na sikuwa na neno baya zaidi la kusema pale.

Asheri, aliyembeba Tahiri mgongoni kutoka botini mpaka barabarani, alitema mate karibu na miguu yangu.

“Mtu amekatwa mguu,” akasema, “yeye anatufundisha darasa.”

Masoud akaweka kidumu chini. Kwapani alikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Nilipoona anavyokishika kwa mikono miwili nikajua ni nini.

“Sitaki maneno mengi,” akasema. “Huu hapa Msahafu. Apa kwamba hakuna kidumu cha marehemu kilichoingia botini mwangu. Ukiapa, tunapakia na tunatoka na maji ya alasiri, na mimi nitakuomba radhi mbele ya hawa. Usipoapa, Mudathir hapandi boti yangu tena, na kutoka hapa mpaka Jasini hakuna atakayegusa barafu yako hata ya kuwekea juisi.”

Kila mtu akanitazama. Mudathir peke yake aliendelea na kuku wake.

Nilifikiri kwa haraka. Barafu ikifa, ada ya shule imekufa. Mume akitolewa botini, hata chakula kimekwenda. Semeni alikuwa ndani ya nyumba yangu wakati huohuo. Alikuwa amefika jana yake, akasema amekuja kuzuru kaburi la mama yake.

“Siku hizi sishiki Msahafu,” nikasema.

Wanaume wote watano wakaangalia chini kwa pamoja, kama walioangusha sindano. Na ilikuwa kweli. Nimeilaani damu yangu miaka mingi. Mchana ule niliishukuru.

“Wanawake hawakosi mlango wa uani,” Asheri akanong'ona.

Masoud akasema basi watasubiri nitoharike, na barafu isubiri pia, na watu wa vijiji vya jirani watauliza inasubiri nini, naye hatawaficha.

Hapo ndipo Semeni alipotoka ndani.

Alikuwa amejitanda kanga mpya, macho makavu.  Alfajiri ile ya Jumapili, nilipoinuka kutoka shimoni nikiwa na vidumu vinne mikononi, Semeni alikuwa dirishani anapiga mswaki. Tulitazamana. Hakusema kitu, nami sikusema. Miezi miwili mizima nimekuwa nikisubiri aseme.

“Nipeni mimi,” akasema. “Mama ni wangu. Vidumu nilivitupa mimi.”

Masoud akampa.

Semeni akauweka mkono wake wa kulia juu ya Msahafu. 

“Wallahi, vidumu vilivyomlaza mama yangu nilivitupa kwa mikono yangu, na shimo nikalifukia siku ileile. Hakuna kilichotoka. Nikisema uongo Mwenyezi Mungu aninyime ninachokitaka.”

 Kisha Masoud akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo ambao naye hakuutaka. Mtoto wa marehemu ameapa. Aliyebaki nani wa kubisha? Akasema kumbe harufu ilitoka kwenye mikono ya watu waliotoka msibani, au kwenye nyumba, harufu huzurura. Akaniomba radhi kama alivyoahidi. Hata Asheri alifukia mate yake kwa kidole gumba cha mguu.

Wakaanza kuvitoa vidumu frizani na kuvibeba kwenye mkokoteni, mbele ya nyumba.

 Nikaingia jikoni, nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Semeni akanifuata, akarudishia mlango.

“Umeapa uongo,” nikamwambia.

“Nimeapa. Na wewe ulisimama ukanisikiliza.”

“Kwa nini?”

Akachukua andazi kwenye bakuli, akaling'ata, akatafuna taratibu.

“Zuwena, usinichoshe. Unajua.”

Nilijua. Nilijua tangu aliposema *aninyime ninachokitaka*.

Nikamwambia hapana.

“Hii ni ya nne,” akasema. “Zile tatu ulikuwa huru kuzisema. Hii nitatoka nayo hapo mbele, kwa Masoud. Nitamwambia niliapa kwa sababu ulinililia, na sasa roho inanisuta. Unafikiri watamlaumu nani? Mwenye uchungu wa mama yake, au anayefufua vidumu?”

“Mimi sina kizazi, Semeni.”

“Najua. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekushika mkono ulipozinduka.” Akafuta midomo kwa ncha ya kanga. “Mimi ninacho. Miaka kumi na moja nahangaika nacho, na hakijanifaa kitu. Wewe una mtoto na una friza. Mimi nina vyumba vinne navifagia.”

“Nenda kachukue mtoto kwingine.”

“Nataka damu yetu. Nataka anayefanana na mama.” Kwa mara ya kwanza sauti ikamlegea, na nilimwogopa zaidi kuliko alipokuwa mkali. “Kuzaa si kazi, Zuwena. Kazi kulea. Wewe umemlea nini? Unaamka na barafu, unalala na barafu. Unamshika mtoto kwa mikono ya baridi kama samaki.”

Ningempiga. Mwiko ulikuwa karibu. Lakini nilikuwa na silaha ambayo niliiona bora zaidi, nikaitoa. Nikamwambia nitakwenda kwa kaka yake sasa hivi, nimweleze kila kitu mimi mwenyewe kabla yake. Mudathir ni mvuvi, akisikia dada yake amekula yamini ya uongo juu ya mama yao kwa ajili ya kuninyang'anya mtoto, hatamruhusu hata kulala hapa leo.

Semeni alicheka mpaka akapaliwa na andazi.

“Nenda,” akasema. “Kamweleze.”

Sikuhitaji kwenda. Mlango ulisukumwa na Mudathir akaingia, akaurudishia tena nyuma yake. Alitutazama sote wawili, kisha akamuuliza dada yake, wala si mimi:

“Hujamaliza?”

Mtu anakaa na mume miaka kumi na miwili akidhani anaujua hata ukohozi wake. Kumbe.

“Unajua,” nikamwambia.

Akasema anajua.

“Tangu lini?”

Alijikuna shingo. Akasema Semeni alimpigia simu kabla ya safari ya tatu.

Nikahesabu safari. Ya tatu ndiyo ya Tahiri.

“Ulipanda boti ukijua.”

“Ningefanyaje? Barafu ilikuwa imeshapakiwa. Ningewaambia nini wenzangu, kwamba mke wangu anawalisha mabaki ya maiti ya mama yangu?”

“Na Tahiri alipochomwa?”

Akalitazama bakuli la maandazi.

“Nani alimshikia kidumu mguuni?”

“Zuwena, alikuwa analia. Mtu analia, unampa kilicho karibu.” Akafungua viganja vyake, kama vile vidumu bado vimo. “Nilimshikia mimi. Siku mbili. Kikiyeyuka nachukua kingine.”

Alisema hivyo bila kuinua sauti, na nilitaka kumhurumia. Kama angenyamaza hapo labda ningemhurumia. Lakini akaendelea. Alisema mambo yote yameshapangwa, na tumepata mlango wa kutokea wote bila kuaibika. Semeni amejitolea kubeba dhambi ya kiapo. Mimi nitabaki na friza langu na jina langu. Yeye atabaki botini. Samiha atapata shule ya mjini na chumba. Kila mtu anapata.

“Na mimi napata nini?”

“Barafu,” akasema. Hakukusudia kejeli. Ndivyo alivyoona.

Nikamuuliza kama angalau wangenipa mpaka mwisho wa muhula. Nikiwa nauliza nikasikia sauti yangu inavyobembeleza, na nikajichukia.

Semeni akasema bodaboda imekwisha kuja.

Nilitoka mbio mpaka mbele ya nyumba.

Samiha alikuwa ameshapakiwa. Alikaa nyuma ya dereva amevaa gauni lake la Idi, nywele zimesukwa upya. Kumbe Semeni alimsuka asubuhi wakati mimi namenya muhogo, nami nikamshukuru. Begi la shule, limejaa mpaka zipu imekataa, lilikuwa mapajani mwake. Mita chache kutoka hapo, Masoud na watu wake walikuwa wakipanga vidumu kwenye mkokoteni na kuvifunika kwa magunia yaliyoloweshwa.

“Mama,” Samiha akasema, uso umejaa kicheko. “Shangazi amesema chumba changu kina feni. Na nitalala peke yangu, hakuna mtu wa kunigusa na mikono ya baridi.”

Sasa nikajua neno la Semeni lilitoka wapi. Halikuwa la Semeni, lilikuwa la mwanangu.

“Na baba?” nikamuuliza. “Baba alikuambia unakwenda?”

“Baba alifunga begi.”

Dereva akaniuliza kama nami nakwenda, maana kama nakwenda itabidi begi lipande juu ya tangi. Nikamwambia asubiri.

Wasomaji, mimi si mtu wa machozi, na sikulia. Nilisimama nikapiga hesabu, kwa sababu ndicho ninachokijua.

Nikinyamaza, mwanangu anaondoka sasa hivi, na Jumatatu nitachemsha maji kama kawaida, nitajaza vidumu vilevile, nitabakiza vidole vinne. Semeni hataishia hapo. Mwenye siri yako hana mwisho. Na mtoto atakua akijua mama yake alisimama mlangoni akampungia mkono.

Nikisema, napoteza friza. Mudathir ataniacha, na mtoto wa miaka tisa akigombaniwa kwa kadhi, baba ana maneno mengi ya kusema juu ya mwanamke wa vidumu vya maiti. Huenda akampata. Huenda akamkabidhi kwa dada yake palepale mlangoni.

Njia zote mbili nilizooneshwa zinaishia Raskazone. Lakini moja ilikuwa inaondoka dakika ileile, na nyingine ilikuwa ndefu. Kwenye njia ndefu mtu huweza kujikwaa, huweza pia kupata pa kukata kona.

Nikaenda kwenye mkokoteni. Nikafunua gunia, nikatoa kidumu kimoja chenye alama ya rangi nyekundu niliyovipaka vyote ishirini na vinne ili nisivichanganye na vingine. Nikampa Masoud.

“Chenye rangi nyekundu kililala na marehemu,” nikasema. “Viko ishirini na vinne. Vyote vimo humu, isipokuwa kile ulichokuja nacho mkononi. Nilivitoa shimoni mwenyewe, na safari zote tatu mlikuwa navyo.”

 Masoud alikishika kidumu kile kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hajui pa kumshikia. Kisha akakiachia. Kilidunda, hakikupasuka, kikabiringika mpaka kwenye gurudumu la bodaboda.

“Binti wa marehemu ameapa,” akasema polepole. “Sasa hivi. Mbele yangu.”

“Ameapa uongo ili nimpe mwanangu. Begi lile pale.”

Wote wakageuka kulitazama begi. Semeni alikuwa amefika mlangoni. Akaanza kusema kwamba nimechanganyikiwa, tangu mimba ya pili ife mimi si mzima, wanaume wa Moa wote wanajua.  Asheri alikuwa ameshafungua magunia, anavihesabu vidumu vyekundu kwa kidole, midomo inacheza. Alipofika kumi na kitu akaacha, akajifuta mkono kwenye shati, mara moja, mara mbili, tena na tena.

“Mguu wa Tahiri,” akasema.

Masoud aliinua mkono kumzuia asinisogelee. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelisubiri tangu nilipofunua gunia.

“Nani mwingine alijua?”

“Zuwena binti Zubeiri.”

Alikuwa Mudathir. Alikuja akasimama hatua mbili kutoka kwangu, amenyooka, uso umekauka. Hajawahi kuniita kwa jina la baba yangu tangu siku ya nikaha. Mume akikuita hivyo mbele ya mashahidi, neno linalofuata halihitaji kufasiriwa, na mashahidi walikuwepo wa kutosha. Alikuwa ananionesha ncha ya kisu tu. Nikifunga mdomo hapo, atakirudisha alani. Dhambi itabaki yangu na ya dada yake. Yeye atabaki baharia mwenye bahati mbaya ya wanawake.

Masoud akarudia swali, safari hii akimtazama yeye.

Samiha hakuwa anacheka tena.

“Mudathir alijua kabla ya safari ya tatu,” nikasema. “Tahiri alipokuwa analia, yeye ndiye aliyemshikia vile vyekundu.”

Sikusubiri kuona Asheri atamfanya nini, wala Mudathir atatamka talaka ngapi. Niliwapa mgongo wote, nikalivuta begi likaanguka mchangani, nikampitisha mwanangu mikono kwapani, nikamshusha kwenye pikipiki.